Bibi Sabina Ormsleigh Geraghty, Aliyejifunza Kupita Uani

Baba Padri, Mchungaji, ndugu, jamaa, na ninyi majirani wa Cloonarra mliojaa mpaka nje kwenye mvua, familia imemtuma Una, kifungua mimba wa marehemu, awasomee safari ya mama yake, na marehemu mwenyewe aliagiza isisomwe kwa sauti ya kilio, kwani watu wa kaunti hii ya Roscommon, alisema, wakilia sana hawaimbi vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1931 katika Nyumba Kubwa ya Cloonarra, mtoto wa pili wa Bwana wa Cloonarra, Lodi Gerald Ormsleigh, katika ukoo uliowahi kumiliki ardhi yote inayoonekana kutoka mnara wa kanisa hili. Babu wa baba yake alikaa katika bunge la London miaka ishirini na miwili bila kutoka jasho, maana siku hizo mpangaji alitaja kura yake kwa sauti, na mkusanya kodi wa Bwana amesimama pembeni akisikiliza, na babu huyohuyo ndiye aliyewatoa watu majumbani mwao Cloonarra ya Juu wakati wa njaa na kuzibomoa nyumba zao, jambo ambalo marehemu alikataza lisifichwe leo. Kura zilipokuwa za siri, babu wa marehemu akagombea kiti kilekile, akapata wapiga kura ambao wangeenea kwenye meza yake ya chakula na viti vikabaki. Marehemu alikua akizijua habari hizo zote mbili, na tangu utotoni alitaka jambo moja tu, watu wa Cloonarra wamhesabu jirani yao, si binti wa Bwana.

Alifundishwa nyumbani hadi mwaka 1942, kisha akapelekwa shule ya bweni Dublin, akarudi mwaka 1949 na Kifaransa kizuri, piano ya kuungaunga, na ufundi wa kukamua ng'ombe ambao hakuna aliyejua aliupata wapi. Tarehe 7 Agosti 1956 alifunga ndoa na Dk. Colm Geraghty, daktari wa mifugo, Mkatoliki, kwenye altare ya pembeni, bila kinanda wala maua, kwa kuwa bibi harusi alikuwa Mprotestanti, na Lodi Gerald hakuhudhuria, ila alituma saa ya ukutani, ambayo haijawahi kusema kweli hata siku moja. Walijaliwa watoto wawili, Una na Fergus. Baba yake alipofariki mwaka 1959, cheo kikaenda kwa kaka yake Hubert aliyehamia London, ardhi kubwa serikali ilikwisha kuwagawia waliokuwa wapangaji, na marehemu akabakiwa na nyumba inayovuja pamoja na mashamba ya kando ya mto, yenye maji mengi kuliko udongo.

Mwaka 1967 aligombea udiwani wa kaunti, akavaa kofia, akazunguka nyumba kwa nyumba akibisha mlango wa mbele kama mababu zake walivyobisha, asijue kwamba kwa watu wa hapa mlango wa mbele ni pambo. Nyumbani kwa hayati Bridie Fallon, ambaye wazee wake walikuwa miongoni mwa waliobomolewa kule Juu, vijana walilazimika kusogeza kabati la vyombo na kuusukuma mlango kwa mabega, na ulipofunguka Bridie alisimama akimtazama mgeni wake na kofia yake.

"Binti wa Bwana," alisema, "mlango huu tunaufungulia padri na jeneza. Wewe padri si padri, na mimi bado sijafa. Siku nyingine pita uani kama watu."

Marehemu alishindwa vibaya, akawa wa mwisho, na alipomuuliza mumewe, aliyepita uani kwa watu kila siku kutibu ng'ombe, kwa nini hakumwambia, Dk. Colm alijibu kwamba alidhani kila mtu anajua. Basi marehemu akaitupa kofia, akaanza kupita uani, mwanzoni kwa ajili ya kura, hatutadanganya mbele ya jeneza lake, na baadaye kwa sababu alinogewa, akaruka kuku, akanywa chai nyeusi kama lami, akageuza nyasi za majirani zilizoanikwa kabla mvua haijazikuta, na akashinda bata bukini wa Krismasi kwa karata, ushindi ambao Mossie Fallon, mtoto wa Bridie, anaapa mpaka leo kuwa ulikuwa wa wizi.

Mwaka 1974 aligombea tena, na kwa kuwa hapa kwetu mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na wa kwanza wake akishindwa kura humwendea wa pili, hakuwa wa kwanza wa watu wengi, maana ya kwanza ni ya chama na chama hurithiwa pamoja na shamba, lakini karibu kila nyumba ilimpa ya pili, akapita kwa hizo za pili, akacheka ukumbini mpaka msimamizi akamwomba akae. Alitumikia hadi mwaka 1999, akaleta maji ya bomba Cloonarra ya Juu, na kumkera kila mhandisi aliyepelekwa kule.

Dk. Colm alitangulia mwaka 2004, akazikwa hapa Killoora, kwenye makaburi ya kanisa hili. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2013, na mwezi uliopita aliwaita watoto wake, akasema hataki kulazwa kwenye kaburi la ukoo, lenye uzio wa chuma, ambako wote walichimbiwa na vibarua, bali hapa kando ya mumewe. Lakini alijua kwamba Killoora kaburi huchimbwa na majirani, na majirani hawaalikwi, huja wenyewe wakipenda.

"Wasipokuja, nipelekeni kwa mababu," alisema. "Msimwombe mtu."

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 9 Novemba 2016, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Familia haikumwomba mtu.

Tunamshukuru Dk. Nuala Hession na wauguzi wake kwa subira, maana marehemu hakuwa mgonjwa mtiifu, tunawashukuru madiwani wenzake wa vyama vyote waliogombana naye kwa heshima, na waliopika, waliokesha, na waliokamua ng'ombe wetu bila kuulizwa. Na jana asubuhi, Lodi wa sasa, mtoto wa Hubert, alipofika hapa kutoka London, aliwakuta watu wengi kuliko majembe, wakibishana zamu ni ya nani, akavua koti na kuomba jembe, na Mossie Fallon, akiwa ndani ya kaburi hadi kiunoni, akakataa.

"Wewe kaa, bwana mdogo, wewe ni familia," alisema. "Huyu anachimbiwa na majirani zake."

Mungu akulaze pema, Mama, hapo ulipotaka.