Visikizi vya Mama Kyalo

Benchi letu liko nyuma ya soko la Machakos, pale malori ya vitunguu yanapogeuzia, na watu wanaliita Bunge ingawa hakuna aliyewahi kuchaguliwa. Mimi ndiye Mwelu, mwenye birika. Nauza kahawa ya tangawizi mpaka iishe, na uongo niliousikia hapa ungemchosha hata padri. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Hansard ni Mwanzia, kinyozi, ambaye ukimpa habari leo, kesho atakurudishia ikiwa imetiwa chumvi. Chaja ni Kahiga, muuza vifaa vya simu. Wa tatu ni mzee Musau, fundi wa redio, tunayemwita Waya. Siku hizi hakuna anayeleta redio, kwa hiyo kikombe kimoja humtosha asubuhi nzima. Mkewe Syombua alifariki mwaka juzi, na tangu hapo Waya hutoka nyumbani mapema mno na kurudi amechelewa. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Chaja alifika akiwa amenuna.

Chaja: Mnajua hizi earphone ndogo hazina waya? Mzigo wangu umezuiliwa. Kuna kampuni huko ng'ambo inasema hiyo kitu ni yao. Wako na hataza.

Hansard: Hataza ni nini sasa?

Chaja: Ukibuni kitu, serikali inakupa haki yake. Mtu mwingine akitengeneza kama hiyo bila ruhusa, unampeleka kotini.

Hansard: Basi umekwisha.

Chaja: Bado. Sisi wauzaji tumeshika wakili. Anasema tukipata mtu alitengeneza kitu kama hiyo kabla yao, na watu wakaiona, hataza yao inaanguka. Huwezi sema umebuni kitu watu walikuwa nayo. Leo anatuma msichana wa ofisi yake hapa. Nilimwambia Machakos hatuwezi kosa mtu.

Hansard akasogea mbele. Ukimpa Hansard kazi ya kukumbuka, huwa hakumbuki, anatunga.

Hansard: Babu yangu kule Ndithini alikuwa anaweka sikio kwa mzinga wa nyuki, anaambiwa mvua inakuja lini. Waya iko wapi hapo?

Chaja: Nyuki si earphone.

Hansard: Inatoa sauti, sauti inaingia kwa sikio. Unataka nini ingine?

Chaja: Nataka kitu imetengenezwa na mkono ya mtu.

Hansard: Basi yule mganga wa Kithyoko. Alikuwa anaongea na watu wamekufa, amekaa tu kwa kiti. Huko ni mbali kuliko China na network alikuwa anapata.

Nikamuuliza kama hao wafu watakuja kotini kutoa ushahidi.

Hansard: Wakiitwa vizuri, watakuja.

Chaja: Na yale mawe ya Lukenya? Nasikia ukiegemeza sikio unasikia watu wa Nairobi wakiongea.

Nikamuuliza: Hiyo ulisikia kwa nani?

Chaja: Kwa Hansard.

Ndipo Waya akasema, akiangalia kikombe chake, si sisi.

Waya: Mimi nilitengeneza.

Chaja: Nini?

Waya: Hiyo kitu. Mbili. Moja ya sikio hii, moja ya hii, na hakuna waya katikati. Masikio ya Syombua yalikuwa yanakufa. Nikafungua redio ndogo mbili, nikatoa ile mashine ya ndani, nikaipunguza, nikaiwekea betri ya saa. Nikiongea kwa maiki, yeye anasikia. Hata nikiwa nje kwa kuku.

Hansard akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee anaitwa Waya, na leo anatuambia alitoa waya. Lakini Chaja hakucheka.

Chaja: Hii ilikuwa lini?

Waya: Mtoto wetu Kyalo alikuwa darasa la pili. Leo Kyalo ako na watoto wake Mombasa.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mazishi ya Syombua. Alikuwa anatamani aulizwe zaidi, na nikaona aibu kwamba miaka yote hii benchi hili halijawahi kumuuliza chochote.

Msichana wa wakili alifika viatu vikiwa na vumbi. Anaitwa Peris. Alitusalimia kwa heshima, akakaa mwisho wa benchi, akakubali kahawa. Waya alieleza tena, safari hii polepole, vidole vikionyesha ukubwa wa kila kitu. Peris alisikiliza vizuri. Akamuuliza alifanyaje masikio yote mawili yasikie kwa pamoja, na Waya akajibu kwa urefu, akisahau kabisa kwamba sisi tupo.

Peris: Mzee, hii ni kubwa. Tukiithibitisha, kila mtu atajua kuna fundi wa Machakos aliwatangulia.

Waya alikaa wima.

Peris: Lakini kuna jambo moja. Kitu kikikaa nyumbani kimefichwa, hakihesabiki. Lazima kiwe kilitumika mbele ya watu. Mama alizivaa mahali kuna watu?

Chaja: Sisi wote tuliona. Hansard, si uliona?

Hansard: Niliona sana. Zilikuwa nyekundu.

Peris: Tafadhali, msinisaidie.

Waya akakizungusha kikombe chake. Jibu alikuwa nalo, na mimi pia nilikuwa nalo.

Syombua alizivaa kanisani. Vipaza sauti vya kanisa letu vilikuwa mikononi mwa Waya, naye akafunga kifaa kidogo ndani, sauti ya mchungaji ikawa inamfikia mkewe moja kwa moja. Jumapili moja mchungaji akauliza swali, na Syombua, ambaye kila mtu alijua hasikii, akajibu kutoka kiti cha nyuma. Kwetu mtu wa namna hiyo haachwi akae. Alisimamishwa atoe ushuhuda. Alisema, "Nilikuwa sisikii, sasa nasikia," na kabla hajamtaja mumewe na kifaa chake, kwaya ilikuwa imeshaanzisha wimbo. Watu wakalia. Mwanzia, yaani Hansard, enzi hizo mlevi wa kuokotwa mtaroni, aliletwa siku hiyo na mama yake kwa nguvu. Alikwenda mbele, akapiga magoti, na tangu hapo pombe hajaigusa. Bintiye wa kwanza alimwita Syombua.

Baada ya hapo ungeanzia wapi kusahihisha? Syombua alishusha kilemba chake mpaka chini ya masikio na akanyamaza. Nilikuwa jirani yake, nami ndiye niliyekuwa nikimfunga kilemba hicho kila Jumapili. Visikizi nilivyoviona nilivifunika, na sikumwambia mtu.

Peris: Mzee? Hata siku moja? Sokoni, au kanisani?

Hansard: Kanisani azivae za nini? Mama Kyalo aliponywa. Mimi nilikuwa hapo, na ndiyo sababu unaniona nimekaa hapa nikiwa mtu.

Peris akamgeukia Waya.

Peris: Ni kweli, mzee?

Waya alimwangalia Mwanzia kwa muda. Mwanzia alikuwa anatabasamu, mdomo una povu la kahawa.

Waya: Ni kweli. Alipona.

Peris: Kwa hivyo zilikuwa za nyumbani tu.

Waya: Za nyumbani tu.

Peris alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia pole, akaondoka. Chaja alimfuata akimweleza habari za mawe ya Lukenya. Hansard alipata mteja, akainuka, akampiga Waya begani.

Hansard: Usijali, mzee wangu. Kazi yako ilikuwa nzuri. Ni vile Mungu alikupita.

Tukabaki wawili. Niliumia moyoni kwa ajili yake na sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikakusanya vikombe, nikaviosha kimoja kimoja. Lori likageuza, likaenda. Waya hakuwa na haraka. Nyumbani hakuna mtu wa kuongea naye, iwe kwa maiki au bila maiki.

Waya: Mwelu. Si ni wewe ulikuwa unamfunga kilemba?

Nikamwambia: Ni mimi, baba Kyalo.

Waya: Uliziona?

Nikamwambia: Niliziona.

Akasogea karibu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu.

Waya: Zilikuwa zinakaa vizuri?

Nikamwambia: Zilikaa vizuri sana. Hakuna mtu angejua.

Akaitikia kwa kichwa, akafunika macho kwa kiganja. Mimi nikamgeuzia mgongo, nikaviosha tena vile vikombe.