Mungu Alivyonifunulia Kosa Lililokuwa Likikata Mtandao wa Zahanati

Saa nane na dakika arobaini mchana, siku ya Jumanne, mtandao wa zahanati yetu ya milimani ulikatika nesi akiwa katikati ya kusomewa dozi. Ndugu zangu, naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Na kabla sijasema neno lingine, namtukuza Mungu kwa kuwa leo nayasimulia haya nikiwa nimeshavuka upande wa pili.

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Same mjini. Sikusomea kazi hii chuoni. Nilianza na kutengeneza redio, nikaja kwenye kompyuta, nikajifunza Kiingereza cha vitabu vya kompyuta kwa kutumia kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Kanisa lilipotaka zahanati yake ya huko juu, upande wa Chome, iweze kuzungumza na daktari aliye mjini, lilinipa mimi kazi hiyo. Simu za kawaida huko hazishiki vizuri. Nikaweka ruta kwenye zahanati na nyingine mjini, na kati yake nikapitisha mawimbi kwa njia mbili, kila njia ikipita kwenye kilele chake. Ukungu wa mlima Shengena ukifunika kilele kimoja, mazungumzo yanahamia njia ya pili bila mtu kusikia.

Programu ya kuhamisha mazungumzo hayo niliiandika mwenyewe. Haikuwa programu ya kawaida ambayo ikikosea inajifunga yenyewe. Ilikaa ndani kabisa ya mfumo endeshi wa ruta, mahali data inapopokelewa na kutumwa. Ukikosea pale, ruta nzima inaanguka. Kwa mwaka wa kwanza haikuanguka hata mara moja. Kisha tukapata ruta mpya, nzuri kuliko zile za mwanzo, na ndipo ikaja Jumanne ile.

Nesi Nakijwa ndiye anayeiendesha zahanati. Siku ile alikuwa na mama mjamzito ambaye presha ilikuwa imepanda sana, na daktari alikuwa anamtajia dawa ya kuzuia kifafa. Alinipigia jioni, baada ya kupanda bodaboda hadi sehemu yenye mtandao wa simu.

"Baba Eliya, mama na mtoto wazima," alisema. "Lakini nataka ujue. Daktari aliniambia 'gramu', halafu kimya. Gramu ngapi? Niliangalia ile ruta yako, taa zote zimezima kama inasali."

Nilimwomba radhi. Akajibu, "Mimi usiniombe radhi. Niambie itakatika tena au haitakatika."

Nikamwambia nitapanda kesho na nyaya mpya.

Ilikatika tena. Wakati mwingine baada ya siku, wakati mwingine baada ya wiki mbili, hata nikaanza kuamini imepona. Haikuchagua mvua wala jua. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha betri za sola, nikabadilisha ruta yenyewe. Ikaanguka ileile. Nikajua basi ugonjwa uko kwenye programu yangu.

Ngoja niwaeleze ugonjwa huo kwa lugha ya nyumbani. Kila mazungumzo yanapoanza, programu inayajengea kibanda kidogo ndani ya kumbukumbu ya ruta, na humo inaandika yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kuna mhudumu mmoja anayesafirisha, yeye huingia kwenye kibanda akasoma anwani. Kuna mwingine anayesafisha, yeye hubomoa vibanda vya mazungumzo yaliyokwisha, na kiwanja kinapewa wengine. Wote wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Msafishaji akibomoa wakati msafirishaji yuko ndani, yule wa ndani anaendelea kuandika mahali ambapo si pake tena, anaharibu mali ya mwingine, na ruta inaanguka.

Hilo nililijua tangu mwanzo, wala sikuwa mzembe. Kila kibanda nilikiwekea hesabu. Anayeingia anaongeza moja, anayetoka anapunguza moja, na msafishaji haruhusiwi kubomoa mpaka hesabu iwe sifuri. Nilikagua programu yote mstari kwa mstari. Kila palipoongezwa moja palikuwa na mahali pa kupunguzwa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na ruta iliendelea kufa.

Ndugu zangu, kuna mateso ya kutojua, na kuna mateso ya kuwa na hakika kwamba uko sahihi huku kitu kinakufia mkononi. Nilipoiambia programu iandike kila inachofanya ili niione inapoanguka, haikuanguka. Kule kuandika kuliichelewesha kidogo, na ule mgongano ukawa hautokei. Nilipoondoa maandishi, ikaanguka. Ilikuwa kama mgonjwa anayeacha kukohoa kila akimwona daktari. Basi nikaiwekea subira ndogondogo hapa na pale. Ikatulia karibu mwezi mzima, nikatoa sadaka ya shukrani kanisani. Wiki iliyofuata ikaanguka Nakijwa akiwa anamsomea daktari vipimo vya mtoto.

Huku mjini watu walianza utani. Umeme ukikatika sokoni, mtu anasema, "Baba Eliya kapita." Mama mmoja wa kikundi cha maombi alitaka tupande tukaipake ruta mafuta. Nilimwambia mafuta na umeme havielewani, tuiombee kwa mbali. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Unaikinga nini sasa? Si imeshakufa?"

Lakini lililonivunja halikuwa utani. Akina mama wa usharika walikuwa wamechanga kwa muda mrefu kujenga chumba cha kujifungulia pale zahanati. Waliuza tangawizi, waliuza maharage, waliuza ndizi. Kamati ikaniita. Mwenyekiti ni mtu mpole, alinipa chai kwanza.

"Fundi, hatukulaumu," alisema. "Ila nesi hawezi kufanya kazi na simu ya bahati nasibu. Ikikatika tena kabla ya ibada ya mavuno, tutanunua mtambo wa setilaiti pamoja na malipo yake ya mwaka."

"Kwa fedha zipi, Mwenyekiti?"

Akaangalia kikombe chake. "Zilizopo ni za chumba."

Nilitembea hadi nyumbani moyo ukiwa mtupu. Mke wangu aliuliza kamati imesemaje, nikamwambia. Akasema, "Basi omba kama mtu asiyejua, maana mpaka sasa umekuwa ukiomba kama mtu anayetaka kuthibitishiwa." Niliomba hivyo. Nilimwambia Mungu: mimi hesabu yangu naiona sahihi, na ruta inaniambia si sahihi, na ruta haina sababu ya kusema uongo. Nionyeshe.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na msaragambo Suji, nyumbani kwa baba yangu. Nyote mnajua, kazi ya pamoja haina udhuru, hata kwa aliyehamia mjini. Tulikuwa tunazoa matope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia. Mgawaji wa maji pale ni shangazi yangu Elieshi, na utaratibu wake ni wa zamani. Ukipewa zamu, unaweka jiwe lako kwenye ukingo wa mlango wa ndiva. Ukimaliza kumwagilia, unakuja kuliondoa. Shangazi akikuta hakuna jiwe, anaziba mlango.

Katikati ya kazi akaja binamu yangu Kiondo, amekasirika, suruali imekunjwa hadi magotini na miguu mikavu.

"Shangazi, umenifungia maji jana nikiwa shambani. Jiwe langu si lile pale?"

"Jiwe nimeliona," shangazi akajibu bila kusimamisha jembe. "Uliliweka lini?"

"Jana hiyohiyo."

"Jana ni ndefu, Kiondo. Uliliweka lini?"

Kiondo akababaika kidogo. "Nilikuja nikakuta mlango uko wazi. Nikasema ngoja kwanza nikafungue mfongo wangu wa kupitisha maji kule shambani, nikarudi nikaweka jiwe."

"Na mimi nilifika ukiwa njiani. Nikaangalia, hakuna jiwe, nikaziba. Halafu wewe ukaja kuweka jiwe kwenye mlango uliokwisha kuzibwa, ukaenda zako kukaa shambani kungoja maji."

"Lakini niliweka."

"Basi yapelekee mahindi jiwe lako yanywe."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye matope. Mimi sikucheka. Nilisimama na koleo mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeona programu yangu yote imesimama mbele yangu na suruali iliyokunjwa.

Jiwe lilikuwepo. Hesabu ya mawe ilikuwa sahihi, na mtu yeyote ambaye angekuja baadaye kuyahesabu angesema Kiondo amefuata utaratibu. Miezi yote ile nilikuwa nakagua kama jiwe limewekwa na kama limeondolewa. Sikuwahi kuuliza limewekwa lini.

Kwenye programu yangu msafirishaji alikuwa anatafuta kibanda kwenye orodha, anakipata, anaiachia orodha, halafu ndipo anaongeza moja. Kati ya kukipata na kuongeza ile moja kulikuwa na upenyo mwembamba kuliko unavyoweza kufikiri. Katika upenyo huo msafishaji alikuwa anakuja, anakuta sifuri, anabomoa. Msafirishaji naye anaweka jiwe lake kwenye mlango wa kibanda ambacho hakipo. Ruta za zamani zilikuwa na kichwa kimoja cha kufanyia kazi, kwa hiyo wale wawili walipokezana kichwa hicho na karibu hawakukutana kamwe. Ruta mpya zina vichwa vinne. Wakaanza kukutana.

Shangazi aliniona nimeganda. "Na wewe fundi, unangoja mawimbi? Zoa."

Nikasema, "Marahaba."

Akaweka jembe chini. "Marahaba? Nani kakuamkia hapa?"

Nilikuwa sijui ninachosema, ndugu zangu. Nikamalizia zamu yangu ya matope kama watu wengine, nikamshukuru shangazi ambaye mpaka leo anadhani namshukuru kwa ugali.

Jumatatu asubuhi, baada ya maombi, nikakaa mezani. Nilishachoka kushangilia mapema, kwa hiyo sikutengeneza chochote kwanza. Nilifanya kinyume: niliuongeza ugonjwa. Pale kwenye upenyo, kati ya kukipata kibanda na kuongeza moja, niliweka subira kwa makusudi, ili upenyo uwe mlango mpana. Kisha nikaandika programu ndogo ya kufungua na kufunga mazungumzo kwa fujo. Kama nimeelewa vibaya, ruta itaendelea tu. Nikawasha. Chai yangu haikuwahi kupoa, ruta ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka. Nikairudisha tena, ikaanguka palepale. Kitu kilichokuwa kinanikimbia kwa miezi sasa kilikuwa kinakuja nikikiita. Nilishukuru kwa sauti mpaka mke wangu akaja kuona kama nimepatwa na jambo.

Hapo ndipo nikatengeneza. Msafirishaji sasa anaongeza moja akiwa bado ameishika orodha, kabla hajaiachia. Akikuta kibanda kimeshawekewa alama ya kubomolewa, haingii, anarudi kuomba kibanda kipya. Na msafishaji, hata akishakiondoa kibanda kwenye orodha, hakibomoi mpaka kila aliyekuwa anaipitia orodha wakati ule awe amekwisha kupita. Zile subira nilizokuwa nimezitawanya kila mahali nikazing'oa zote. Ile moja ya makusudi, iliyokuwa inaiua ruta, nikaiacha ibaki palepale. Nikawasha fujo ileile.

Ruta ikasimama. Nikaiacha ifanye kazi mchana kutwa, nikaenda zangu kwa mteja Makanya, nikarudi. Imesimama. Nikaongeza fujo mara kumi. Imesimama. Siku zilizofuata niliitafutia kila njia ya kuiangusha, na ninyi mnajua nilivyo mtu wa kurudia jambo. Haikuanguka. Ndipo nikaondoa ile subira ya makusudi, nikapanda mlimani kuiweka programu kwenye ruta ya zahanati.

Nesi Nakijwa alinipokea kwa swali lake lilelile. "Itakatika tena au haitakatika?"

"Ukungu unaweza kufunika vilele vyote viwili, hilo siliwezi," nilimwambia. "Lakini kwa kosa lile, haitakatika. Nimelishika kwa mkono."

Akasema, "Leo umejibu kama mtu mwingine."

Kabla ya mavuno alikuja mama mwingine mwenye presha. Daktari alimsomea Nakijwa dozi yote, Nakijwa akamrudishia yote, wakakaa kwenye mazungumzo mpaka mtoto akalia na daktari akamsikia huku mjini. Katikati yake ukungu ulifunika kilele kimoja na mazungumzo yakahamia njia ya pili. Niliona baadaye kwenye kumbukumbu za ruta. Wao hawakusikia chochote.

Ndugu zangu, sikutokewa na malaika. Mungu alinijibu nikiwa kwenye matope, kupitia ugomvi wa familia yangu. Ukiwa na jambo ambalo umelikagua mara mia na unaliona sahihi, na bado linakuangusha, usikate tamaa na usijifanye unajua. Mwambie ukweli kwamba hujui. Kisha nenda kwenye kazi iliyo mbele yako, hata kama haifanani kabisa na jibu unalolisubiri. Mtumaini. Mimi nilimtumaini nikiwa nimebaki na siku chache, naye hakuniaibisha.

Jumapili ya mavuno mwenyekiti wa kamati alitangaza kwamba mtambo wa setilaiti haununuliwi. Kisha mhazini akasimama mbele ya akina mama wale wa tangawizi na maharage, akasoma fedha za chumba cha kujifungulia zilizobaki bila kuguswa: shilingi milioni nne, laki mbili na elfu themanini.