Kichwa Nilichomwazima Mpwa Wangu

Mniwie radhi kabla sijaanza, maana hii nitaisimulia vibaya. Nitaanzia katikati, nitaruka penye maana, na mkiniona nachekesha pasipo na cha kuchekesha, jueni hapo ndipo penye aibu. Nililelewa jukwaani, na jukwaani mtu akisahau maneno yake anajikwaa makusudi. Leo mtaniona nikijikwaa sana.

Kijiwe chetu ni benchi refu na ndoo moja iliyopinduliwa, mkabala na lango la chuo, pale Mama Birika anapouza kahawa. Jioni hiyo alikuwepo Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama, akastaafu, na hajaacha kutoa hukumu. Alikuwepo Volti, fundi wa redio. Alikuwepo Msusi, saluni yake iko hatua chache kutoka hapo. Na mimi, wananiita Nyamangumu, kwa kile kichekesho changu cha kutafuna nyama isiyokuwepo mpaka ukumbi mzima utoe machozi. Nilikuwa nimevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na joto lote lile.

Habari iliyokuwa mezani, kama tungekuwa na meza, ni hii. Mchana chuo kilikuwa mwenyeji wa kongamano la dunia la watu wanaorekodi ubongo. Dunia haikuja, kila mji ulijifungia ukumbini kwake wakaonana kwenye skrini. Ukumbi wa kwetu uliandaliwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, na alihangaika mwaka mzima hadi tukapewa zamu ya kuonyesha njia yake. Unajua, ile kofia ya vipimo ina vidude vinavyotakiwa kugusa ngozi ya kichwa, na kwenye nywele nene kama zetu vinaning'inia tu. Yeye akatafuta namna ya kuzisuka kwa mistari, ngozi ibaki wazi pale pale panapotakiwa. Kichwa cha kuonyeshea kilikuwa changu.

Zamu ikafika, mistari kwenye skrini ikavurugika. Mwenyekiti kutoka mji wa mbali akasema, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba nywele za aina hii bado ni mtihani. Akaita mji mwingine. Mpwa wangu akasema asante.

VOLTI — Umeme huo. Ubongo wa mtu una umeme mdogo mno, na wa huyu Nyamangumu ni mdogo zaidi.

MIMI — Ahsante sana, ndugu yangu.

VOLTI — Sikutukani, nakupima. Feni ya ukumbini ikizunguka tu, imekufunika.

HAKIMU — Napinga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake, ile kofia ya vipimo ilikuwa na kunguni.

MSUSI — Hakimu, methali hiyo haihusu kunguni.

HAKIMU — Inamhusu nani basi?

Nikameza kahawa ingali ya moto. Afadhali koo liungue.

MSUSI — Na kunguni wako usiwalete kwenye kazi yangu. Binti alinichorea mistari kwenye karatasi, nikaifuata kama reli. Sasa mtaa mzima unasema nywele ndizo zilizoharibu. Leo mteja kaniuliza kama macho yangu yameanza kuchoka.

MIMI — Mkono wako hauna kosa, dada.

MSUSI — Umejuaje?

MIMI — Nahisi tu.

VOLTI — Basi sikilizeni. Miji yote inapita kwenye mtandao mmoja, sivyo? Mwenye mashine kubwa akivuta, wadogo tunabakiwa na makapi. Wameiba mawimbi yetu. Saa hizi huko ng'ambo kuna profesa amejilaza na mawazo ya Nyamangumu kichwani.

MAMA BIRIKA — Maskini, ana familia yule.

HAKIMU — Tatizo ni la kisheria. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekaa kwao kwenye skrini. Mwenyeji angeponaje?

VOLTI — Hapo umesema.

HAKIMU — Halafu ubongo ni shahidi. Nimewaona mashahidi mimi. Nyumbani anaongea kama kasuku, akipandishwa kizimbani mbele ya watu hajui hata jina la baba yake. Ubongo wa huyu bwana uliona aibu.

MSUSI — Mwenyewe anasemaje? Kichwa si chake?

Wakanigeukia wote. Hapo ndipo mahali nilipotaka kuruka. Mtu mzima na ndevu zangu, nikafungua mdomo nikasema:

— Labda mtoto alibonyeza pasipostahili. Bado mdogo yule, kazi kubwa.

Neno lenyewe lilikuwa halijatua vizuri, lango la chuo likafunguka, akatoka yeye, begi la kompyuta begani, lile boksi la kofia ya vipimo mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, daktari wetu.

Akaketi kwenye ndoo. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyeamua kufanya kazi.

— Nimeirudia rekodi yote, mjomba. Mwanzoni ulipofumba macho, mawimbi ya utulivu yalikuja safi, sijapata kuona safi vile. Nywele zimefanya kazi. Dada, ususi wako umefanya kazi.

Msusi akafunika uso kwa khanga.

— Kisha ikaja vurugu, akaendelea. Lakini imeanzia huku pembeni, juu ya masikio. Huo si ubongo. Ni misuli ya taya. Mimi nilikuwa nimekupa mgongo, natazama skrini. Nikawasikia wanafunzi wanacheka, nikajua wananicheka mimi.

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Ulikuwa unatafuna nini, mjomba?

Volti akaanza kukagua kikombe chake. Hakimu akatazama barabara. Msusi akashusha khanga taratibu.

— Nyamangumu, akasema. Hukufanya hivyo.

— Wanafunzi wa mstari wa mbele walikuwa wamenuna, nikasema. Nimeambiwa nisiongee, sikuongea.

— Nilikueleza, mjomba. Nikasema hata kuuma meno kunaingia kwenye rekodi.

— Ulinieleza.

— Kwa nini, sasa?

Swali dogo, mtoto wa chekechea angeweza kuliuliza. Nimecheza mbele ya kumbi zilizojaa na sijawahi kukosa jibu. Nilimtazama Hakimu anipe japo methali iliyopotoka. Yeye bado na barabara yake. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa tone moja, akaliweka chini.

Mpwa wangu akafungua kompyuta magotini.

— Kongamano halijafungwa. Nikiwaandikia sasa hivi huenda wakaitazama tena rekodi. Lakini lazima nieleze vurugu imetoka wapi. Niandike nini?

Nikavua kofia ya sufu. Mistari ya Msusi ilikuwa imenyooka vile vile, jeli ya vile vidude imekauka juu yake nyeupe kama uji uliomwagika, na kwenye paji la uso alama za mkanda wa kofia ya vipimo bado zimechapa. Nikawaachia watazame.

— Andika nywele hazina kosa. Msusi hana kosa. Na wewe huna kosa, na niliyoyasema hapa kabla hujaja, hawa watakuambia.

Akaandika yote.

— Na mashine? Watauliza kama mashine ilikosea.

— Haikukosea, mwanangu. Ilitafuta ubongo, ikakuta taya.