Rangi ya Mwenyekiti

Benchi la soko la Kathonzweni, lile linaloegemea ghala la ndengu la Karanja, limesikia mambo ambayo hata redio haijathubutu kutangaza. Wanaume watatu huketi hapo kila asubuhi na chupa moja ya chai, na juu yao ukutani huota jua mjusi mwenye kichwa chekundu na mgongo wa buluu. Walimbatiza Mwenyekiti, kwa heshima ya Mulinge, mmoja wao, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Lakini Jumapili, baada ya ibada, watu wa maji walipiga kura wakamchagua Kavindu. Ufunguo wa kibanda cha maji ulikuwa bado mfukoni mwa Mulinge, na Kavindu alikuwa ametuma neno kwamba anaufuata.

Jumatatu asubuhi mjusi Mwenyekiti alikuwa chini kabisa karibu na mtaro, amekuwa kahawia kama gome. Juu ya ukuta mjusi mwingine, kijana, alikuwa akijiinua na kujishusha kama askari kambini, kichwa kinawaka.

Mulinge alimwona mapema. Alijimiminia chai, akageukia barabarani, akaomba moyoni wenzake wasitazame nyuma.

— Mwenyekiti amechujuka, akasema Mutisya, ambaye kwa kupenda kuhubiri walimwita Askofu.

Karanja, mwenye ghala, akakimbilia kuokoa: ni jua tu, mbona hata mabati yake yamepauka. Askofu akakataa. Kwake ile rangi ilikuwa upako. Ukimwagiwa mwingine, wa kwanza anabaki mkavu. Alipojisikia amesema nini, akatumbukiza macho kikombeni. Karanja akaongeza kwamba huenda yule kijana alimnyonya rangi walipoumana, na kwamba mjusi akinyonya wa kutosha huwa mamba.

Sasa Mulinge ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia ujinga, hata ukiwa unamtetea. Akawaambia kwamba yeye alishawahi kufanya kazi na watafiti wa mijusi kule Kyuso. Aliwabebea maji tu, lakini hilo hakuna aliyemuuliza.

— Hakuna rangi imeenda mahali, akasema. Ndani ya ngozi kuna vijifuko vidogo vya rangi. Mjusi akijiona bwana, weusi unajikusanya katikati ya vifuko, nyekundu inatokea. Akiogopa, weusi unatandazwa juu ya zingine kama blanketi.

— Na buluu?

— Buluu hata si rangi. Ni vioo vidogo vinavyorudisha mwanga. Mimi mwenyewe nilisaga ngozi ya mjusi mmoja kwa jiwe, watafiti wakinitazama. Buluu ikapotea, nikabaki na unga wa kijivu.

— Kumbe miaka hii yote tumekuwa tukiheshimu vioo, akasema Karanja.

Wakacheka. Mulinge naye akacheka, akaacha kabla ya wenzake.

— Nyekundu bado iko ndani, akasema, sauti imeshuka. Yote. Amefunikwa tu.

Kavindu alikuwa amefika, amesimama nyuma yao na jerikeni tupu mkononi. Walimsogezea nafasi, hakuketi; kule kibandani akina mama walikuwa wamepanga mitungi wakimngoja. Alimtazama mjusi wa juu, akamtazama wa chini.

— Baba Ndila, akamwambia Mulinge, nikuulize. Akiwa peke yake, hakuna wa kumringia wala wa kumwogopa, huwa rangi gani?

Karanja akainamisha chupa juu ya kikombe chake. Likatoka tone moja. Mulinge alitafuta kichwani kwa watafiti, kwa jiwe, kwa miaka yote aliyoketi chini ya ukuta ule. Lakini kila alipomtazama Mwenyekiti, yeye mwenyewe alikuwapo, anatazama.

Akatoa ufunguo. Ulikuwa na joto la paja lake.

— Ile kufuli husumbua, mwaitu, mama yangu. Usiilazimishe. Inua mlango kidogo kwanza, ndipo uzungushe.

— Asante, Baba Ndila. Nitainua.

Alipoondoka, Karanja aliingia ndani kuchemsha chai nyingine, na Askofu akamfuata kwa ajili ya sukari. Mulinge akabaki. Akavua kofia. Akashuka kutoka benchini polepole, akapiga magoti mtaroni, akichungulia kwa pembeni mwa jiwe, apate kumwona Mwenyekiti kabla Mwenyekiti hajamwona.

Lakini lile jicho dogo lilikuwa limeshamgeukia.