Picha ya Vyombo Imerudi

Kijiwe kilikuwa na benchi moja, birika moja na wajuzi watatu wasiokubali kushindwa: Profesa, aliyepewa jina hilo kwa ubishi, Chaji, fundi simu, na Shemeji, fundi rangi, ambaye kaka yake ndiye mume wa Mama Mikate. Jumatano hiyo Mama Mikate mwenyewe alifika, simu mkononi, uso umemshuka. Jiko la hospitali lilikuwa tayari kununua mikate yake, mradi apate cheti cha halali kabla ya Ijumaa. Aliomba kwa simu kwa watoa cheti, akapiga picha kila kitu kama alivyoelekezwa. Unga ulipita, hamira ikapita, mafuta yakapita. Picha ya vyombo ikarudi: maelezo hayajakamilika.

— Mtandao huo, alisema Chaji. Panda juu ya paa, utume tena.

— Nimetuma mara nne.

— Basi kamera. Inaona trei, inadhani ni kikaango cha mtu mwingine.

— Nyie hamjui kitu, alidakia Profesa. Simu za siku hizi zinapima nia! Mama, ulipiga picha umenuna.

Shemeji akajipiga kifua.

— Tupige upya, mimi nisimame pembeni na tasbihi. Wakiona mtu wa msikitini, wataona haya kukataa.

— Shemeji, wewe msikiti unaujua kwa kuupaka rangi!

Benchi zima liliangua kicheko. Fundi viatu aliyehamia mtaani juzi, aliyekuwa akingoja kahawa kimya, akaomba aione hiyo picha. Akaikuza kwa vidole viwili.

— Dada, brashi hii ndiyo ya kupakia mafuta juu ya mkate?

— Ndiyo. Kanipa Shemeji, mpya kabisa, haijagusa rangi.

— Nywele zake za mnyama gani?

Chaji akajifanya anatafuta sukari. Wote wakamgeukia Shemeji.

— Ni... brashi nzuri. Inatoka ng'ambo.

— Zangu za viatu ni nywele za nguruwe, alisema fundi viatu kwa upole. Hiyo sijui.

Mama Mikate aliona aibu, kisha moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Kumbe hakukataliwa, aliulizwa tu. Na Ijumaa bado.

— Shemeji, inuka! Kaninunulie ya plastiki. Mimi nakwenda kusugua trei zote zilizoguswa na hii, nipige picha upya.

— Na kahawa yangu?

— Atakunywa mgeni.