Kila Babu Alikuwa Bwana

Benchi la mbele ya kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na wanaolikalia wameshazoea kuegemea upande. Makavazi alifika amechoka, hata salamu zilimtoka nusunusu. Jina hilo walimbandika wao, maana ujana wake wote uliishia kwenye vyumba vya nyaraka, akiandika habari za watumwa na wakoloni. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa kinasubiri neno lake tu kichapwe. Asubuhi mdogo wake alimpigia simu akilia: “Kaka, sura ya bibi itoe. Binti yangu anaolewa. Wakwe wakijua bibi yetu alinunuliwa, ndoa imekufa.” Makavazi aliahidi kumjibu kabla ya jioni. Jioni ndiyo hiyo ilikuwa inaingia, na jibu hana.

— Umenuna, Makavazi. Nikumiminie? aliuliza muuza kahawa.

— Mimina.

— Mtu anashinda na wafu, atachekaje? alisema Mkasi, kinyozi, mashine mkononi, kichwa cha mteja mbele yake.

— Basi mwandike na babu yangu, alidakia Breki, dereva mstaafu. Alikuwa na watumwa shamba zima!

— Shamba tu? Pole. Wa kwetu alikuwa na mtumwa wa kumpepea, na mwingine wa kumpepea huyo anayepepea.

— Acha kamba, Mkasi!

— Haki ya Mungu.

— Babu yangu mimi hakukanyaga ardhi, alisema muuza kahawa. Alibebwa mpaka mlango wa choo.

— Na ndani?

— Huko sikuhadithiwa.

Wakaangua kicheko. Makavazi hakucheka. Kazi yake yote ilikuwa hii hii: anabisha hodi, anakaribishwa vizuri, anaambiwa watumwa walikuwa wa nyumba ya jirani. Akienda kwa jirani, anaambiwa vilevile. Alichoka kusikia, na alichoka zaidi kunyamaza.

Mama mmoja, mgeni mtaani, alikuwa anamsubiri mumewe amalize kunyolewa. Akageuka.

— Samahani, ndugu zangu. Mababu wa hapa wote walikuwa mabwana?

— Wote! Breki akajibu kwa fahari.

— Sasa wale watumwa walizaa nani?

Mkasi akazima mashine. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa matone mawili matatu, basi.

Makavazi akatoa simu, wala hakuinuka.

— Mdogo wangu, sura ya bibi inabaki. Najua. Lia tu. Kwa wakwe nitakwenda mwenyewe, nitawaambia mimi.

Akakata. Hakuna aliyemtazama. Aliogopa kwamba kesho atalikuta benchi tupu. Kisha Breki akamsogelea, sauti imeshuka.

— Bibi yangu walimwita kwa siku waliyomleta. Jumatano. Jina alilopewa na mama yake halijui mtu. Wewe umesoma, Makavazi. Linatafutwa wapi?

Makavazi alikuwa amelitafuta la bibi yake maisha yake yote. Akasogea tu, Breki akae vizuri.