Bwana Praful na Mgonjwa wa Macho Matatu

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu hapa Nakuru, Bwana Praful anastaafu tarehe 31 Desemba 2008. Aliingia akiwa mwosha chupa, anatoka fundi mkuu wa darubini. Mameneja tisa walimwagiza atupe rejista za zamani. Aliitika "ndiyo, boss" mara tisa, na rejista ziko palepale chini ya meza.

Mwaka jana tuliletewa kompyuta. Meneja wa sasa, Ndung'u, akaamuru rejista hizo ziingizwe humo, na majina yanayojirudia yaunganishwe, hata yakiwa yamegeuzwa. Ndipo kompyuta ikatoa mgonjwa mmoja wa Molo, Mathenge Muiruri, aliyetolewa jicho mwaka 1951, jingine 1976, na jingine 2007. Hakuna aliyeshangaa ila Praful.

"Boss, huyu wako ana macho matatu. Apigwe picha tumpeleke gazetini."

"Mzee, sasa wewe utanifundisha majina ya kwetu?"

Alimfundisha. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake: Mathenge wa Muiruri humzaa Muiruri wa Mathenge, naye humzaa Mathenge wa Muiruri tena. Walikuwa watu watatu, babu, baba na mtoto, kila mmoja akiugua angali mchanga. Ndung'u, ambaye naye amebeba jina la babu yake, alisema atalifikiria.

Majirani walisema ni laana. Praful alisema ni jeni. Tunazaliwa na nakala mbili za jeni inayozuia seli za jicho zisizaane ovyo. Anayerithi moja mbovu amebaki na breki moja. Ikikatika, saratani hii adimu ya jicho haichelewi kufika ubongoni. Na nyumbani kwa akina Mathenge kulikuwa na kitoto kingine, Njoki, ambacho hakuna aliyekipima, kwa kuwa kwenye kompyuta mgonjwa mmoja hana ukoo.

Januari, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yao ikachomwa, wakakimbia. Praful alizunguka kambi ya wakimbizi ya uwanja wa maonyesho siku tatu, hema kwa hema, akiuliza kwa Kikuyu chake kibovu.

"Mzee wa miwani, unatafuta bibi?" akina mama walimcheka.

Aliyewahi kufukuzwa kwake, kama Praful kabla hajafika kwetu, anajua: kambini, jina ndiyo mali iliyobaki. Kwa jina hilo akawapata. Madaktari wa Nairobi walikuta katika jicho la Njoki uvimbe mdogo kuliko punje ya wimbi, wakautibu mapema.

Mwezi uliopita Njoki, akiwa na macho yake yote mawili, aliiona kalamu ya Praful kutoka ng'ambo ya chumba, akatambaa, akainyakua, akaitafuna. Ndung'u alikumbusha kwamba ni mali ya hospitali.

Asante, Bwana Praful. Pumzika kwa raha na mkeo Champa. Kalamu usiidai.